Mjadala: Kuku wa kienyeji tumchanganye, au tuchague humo humo?

Mleta mada: Wakuu, kila anayeingia kijijini na boksi la vifaranga vya chotara (kienyeji aliyechanganywa na kuku wa kisasa) anatuambia kienyeji ni hasara, anakula tu hakui. Nabisha.

Kwamba damu ndiyo inayokuza kuku, hilo halina ubishi. Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, kilitunza aina mbili za kuku wa nyama, ya 1957 na ya 1978, bila kuziboresha, kikazilea pamoja na Ross 308, kuku wa nyama wa kisasa, wa 2005, kwa chakula kile kile. Siku ya 56, wa 1957 alikuwa na gramu 905, wa 1978 gramu 1,808, Ross gramu 4,202. Si homoni, ni kuchagua wazazi tu, kizazi baada ya kizazi.

Lakini Ross alichaguliwa chakula kamili kikiwa mbele yake. Kuku wa bibi yangu anaokota mchwa na makombo, jioni anamwagiwa pumba. Kwake pima uzito anaopata kwa kila kilo ya chakula cha kununua tu, uone nani anaongoza.

Na chotara ukiwaacha wazaane? Vifaranga wa utotoaji mmoja bandani kwangu, wiki 12: mmoja kilo moja na nusu, ndugu yake hata gramu 700 hafiki. Nguvu ya mchanganyiko iko kwenye uzao wa kwanza. Baada ya hapo vinasaba vinachanganywa upya kama karata, nawe unarudi kwa mwenye boksi. Tuna Kuchi, aina ya kienyeji, mrefu mwenye mwili. Tuchague humo.

Mchangiaji, Dodoma: Mkuu, kuchagua ni miaka, ada ya mtoto ni Januari. Sasso wangu, kuku wa kununua kutoka kwa mwenye boksi, anafika kilo mbili, kienyeji akiwa bado anahangaika na moja. Halafu mchwa wa bibi unatosha kuku kumi. Hamsini watakula nini?

Mleta mada: Kwenye hamsini umenibana. Ukiwafungia ndani, chotara anakulipa, sibishi. Mimi nasemea wale kumi. Kwetu mgeni akija, jogoo mkubwa ndiye anayechinjwa. Mwingine mwenye mwili anauzwa Krismasi. Anayebaki kupanda mitetea ni kale kadogo kalikokataliwa na mteja. Huko nako ni kuchagua, ila kinyumenyume, na tumefanya hivyo tangu enzi za mababu. Basi chukua mizani ya samaki, aliyeongoza wiki ya 12 mfunge uzi mwekundu mguuni, mgeni achinjiwe mwingine. Msimu ujao badilishana jogoo na jirani, wako asije akapanda dada zake.