Kizimio cha dharura kwa pikapu ya dizeli ya kuvuta sledi: guilotini, kipepeo au kukata dizeli tu?

torki_kwanza:
Wakuu habari zenu. Naijenga pikapu yangu iwe ya kuvuta sledi (yale mashindano ya kuburuta mzigo mzito), injini ni Cummins 5.9 ya valvu 12 yenye pampu ya dizeli ya P7100, tabo moja kubwa ya kusukumia injini hewa, busti (presha ya hiyo hewa) nalenga kama psi 60 hivi. Kimebaki kizimio cha dharura, cha kuiua injini ikigoma kuzimika, na hapo ndo kichwa kinauma. Jamaa mmoja ananiambia weka guilotini (kibati cha kuteleza) kizibe bomba la hewa, mwingine anasema kipepeo (kibati cha kuzunguka kwenye shafti) kinatosha, wa tatu anasema hiyo hela peleka kwingine, funga tu kebo kwenye leva ya kuzimia ya pampu, ukivuta dizeli inakatika basi. Mi naona huyu wa mwisho ana pointi, maana injini bila dizeli itawakaje? Nisaidieni kabla sijanunua.

fundi_nozeli:
Itawaka kwa oili mkuu. Sili ya tabo ikienda, oili ya injini inachanganyika na hewa inaingia nayo mpaka kwenye silinda, na dizeli haina plagi, yenyewe inataka joto la mbano na kitu cha kuungua, haiulizi hiki ni dizeli au oili. Inaanza kuresi yenyewe, ikiresi tabo nayo inazidi kuzunguka, oili inaingia zaidi, hapo zima swichi, chomoa betri, hata tanki litoe kabisa, haisikii. Injini yako hiyo kiwandani ilipangiwa kazi kwenye mizunguko kama 2,500 kwa dakika, ikijiendesha inapita hapo bila kupiga hodi na kitakachoisimamisha ni oili kuisha au konrodi kutokea ubavuni mwa bloku. Inyime hewa, hakuna dawa nyingine.

Bi_Spana:
Naongezea kwenye hiyo leva. Watu wengi wanadhani inafaa angalau pale pampu yenyewe ikiharibika, kwa mfano reki, ile fimbo ya ndani inayopima dizeli, ikinasa kwenye dizeli nyingi. Sasa jiulize, leva unayoivuta inasukuma nini? Inasukuma reki hiyohiyo iliyonasa 😅. Ukifunga vali kwenye njia ya dizeli itazima, ila kwanza inamaliza iliyobaki ndani ya pampu, na sekunde hizo ukiwa kwenye mbio kamili ni nyingi mno. Hewa inatibu yote mawili. Leva usiitoe lakini, ndo utazimia gari siku zote.

torki_kwanza:
Duh, hilo la reki sikuwahi kuliwaza. Haya basi hewa. Guilotini au kipepeo? Na nikiweka kabla ya tabo si ndo rahisi, pale kwenye filta, presha hakuna?

Mzee_wa_Sledi:
Kijana wangu kabla ya tabo usiweke, nasema kwa uzoefu. Ukiziba pale injini bado inazunguka kwa nguvu inavuta hewa haipati, kwa hiyo inanyonya oili kupitia sili za tabo, yaani unaipa chakula kilekile unachotaka kuinyima, na bomba la mpira likiwa laini linajikunja kama la juisi. Halafu ukija kuongeza tabo ya pili kila mdomo utataka kizimio chake. Weka baada ya tabo na baada ya intakula (kipoza hewa), karibu na manifoldi (inayogawa hewa kwenye silinda) kadri unavyoweza.

Kwa nini karibu? Kizimio kikijifunga ghafla presha yote inagonga mlango uliofungwa, mipira ya intakula inaweza kuruka. Ikiruka upande wa tabo wala usijali. Ila ukiacha mpira kati ya kizimio na manifoldi na wenyewe ukachomoka, injini imepata pua mpya na inaendelea kupumua kama kawaida. Nimeshaona, kizimio kimefunga vizuri kabisa na injini inalia tu. Tangu siku ile changu kimefungwa kwa bolti moja kwa moja kwenye manifoldi.

kavu_tabo:
Mzee kasema yote, mi nakuja kwenye guilotini na kipepeo. Piga hesabu, bomba la inchi 4 lina eneo kama inchi 12.5 za mraba, kwa psi 60 hiyo ni pauni 750, karibu kilo 340 zinasukuma kile kibati kikishaziba. Guilotini inateleza kwenye mfereji, mzigo huo unaikandamiza upande mmoja, springi ikiwa dhaifu au mfereji una masizi inagoma katikati. Kipepeo kina shafti katikati, presha inasukuma nusu huku nusu kule, inajisawazisha, springi ndogo inatosha. Ndo maana mi ni wa kipepeo.

fundi_nozeli:
Ila kavu umeruka kitu, shafti hiyo inakaa katikati ya njia ya hewa muda wote na ina skrubu mbili ndogo. Moja ikilegea inakwenda wapi? Kwenye silinda. Guilotini ikiwa wazi bomba ni tupu, na ikifunga inaziba kweli, vipepeo vingi vya bei rahisi vinavuja pembeni. Na guilotini inaanza kufunga wakati pande zote mbili presha ni sawa, mzigo wako wa kilo 340 unakuja mwishoni. Springi nene, mfereji msafi, imeisha hiyo.

kavu_tabo:
Skrubu unazipiga weldi ncha fundi, usitutishe 😂 ila la kuvuja nakubali.

dereva_wa_pili:
Jamani mnaongelea kibati tu, kebo je? Mi niliweka ya umeme, solenoidi (sumaku ya umeme ya kuvutia kizimio) na swichi kwenye dashi, safi kabisa. Siku moja nimeshika kasi ndoano ikakatika, pikapu ikaruka mbele, waya wa betri ukachomoka, na solenoidi yangu ilikuwa ya kuhitaji umeme ndo izime. Kwa hiyo nimebaki nabonyeza swichi ya mapambo. Bahati injini ilikuwa nzima, mguu ukatoka kwenye mafuta ikatulia. Sasa nina pini na kebo ya chuma, nyuma kabisa katikati kuna ringi, mtu wa sledi anaifunga kamba, gari likiachana na sledi pini inachomoka yenyewe hata kama mi nimezimia. Na kebo ya pili kwangu ndani.

Bi_Spana:
Pole. Na kamba iwe na ulegevu kidogo, ikibana sana gari likivuta tu linajizima watu wanacheka. Kila kabla ya kuvuta jaribu injini ikiwa sailensa, yaani inanguruma tu bila kukanyaga mafuta, vuta ringi, injini ife pale pale. Ikibaki inakohoa kohoa kizimio kinavuja. Usijaribie kwenye busti kamili, utavunja vitu bure.

torki_kwanza:
Nimeelewa. Naenda na guilotini kwenye manifoldi, kebo mbili. Swali la mwisho, ikishajifunga inajirudisha?

Mzee_wa_Sledi:
Hapana, unaifungua kwa mkono unarudisha pini. Usisahau. Kuna siku tulipiga stata mpaka ikatoa moshi, pampu tumeifungua nusu, kumbe guilotini imefungwa tangu asubuhi.

kavu_tabo:
Hahaha mzee nilikuwepo, na aliyefungua pampu ni fundi_nozeli.

fundi_nozeli:
Tuliahidiana hiyo haisemwi.