Tupeane uzoefu: mliamuaje kama baa ya wapenzi wa jinsia moja inastahili makala katika Wikipedia?

Mwanzisha mada

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Naomba wale mliowahi kushiriki mijadala ya kufuta makala mtusimulie mlivyofikia uamuzi pale makala iliyobishaniwa ilipohusu baa ndogo ya wapenzi wa jinsia moja, isiyojulikana sana nje ya mtaa wake.

Naanza na langu. Mara ya kwanza nilipoingia katika mjadala wa namna hiyo nilipendekeza makala ifutwe baada ya dakika chache tu, kwa kuwa vyanzo vyake vilikuwa tovuti ya baa yenyewe, orodha ya mahali pa starehe na mahojiano na mwenye baa, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachohesabiwa kuwa chanzo huru kinachoieleza mada kwa kina. Siku mbili baadaye mhariri mwingine alirudi kutoka maktaba akiwa na sura nzima ya kitabu cha historia, iliyosimulia jinsi polisi walivyokuwa wakiivamia baa hiyo na jinsi wateja walivyojipanga kujitetea. Nilibadilisha maoni yangu mara moja. Kanuni ya Wikipedia inataka tutazame vyanzo vilivyopo duniani, si vile tu ambavyo mwandishi wa makala alibahatika kuviweka, nami sikuwa nimetafuta chochote.

Mchangiaji wa kwanza

Nashukuru kwa mada hii. Mimi niliwahi kutetea baa moja kwa hoja kwamba Stonewall Inn ya New York ina makala, kwa hiyo na hii iwe nayo. Nilijibiwa kwa upole kwamba kuwepo kwa makala moja hakuthibitishi uhalali wa nyingine, na nilipotulia nikaona kwamba ni kweli. Stonewall ina makala kwa sababu uvamizi wa polisi wa tarehe 28 Juni 1969, na ghasia zilizofuata, vimeandikwa na wanahistoria kwa zaidi ya nusu karne. Julius', iliyo jirani nayo, inajitegemea kwa sababu yake yenyewe: mwezi Aprili 1966 wanachama wa Mattachine Society, chama cha kutetea haki za wapenzi wa jinsia moja, waliingia humo, wakajitambulisha kuwa wapenzi wa jinsia moja na kuomba vinywaji, ili kupinga desturi ya kuwanyima huduma. Black Cat Tavern ya Los Angeles ilivamiwa usiku wa kuukaribisha mwaka 1967, na mwezi Februari watu wakaandamana mbele yake, miaka miwili kabla ya Stonewall. Kila moja ina ushahidi wake, na baa niliyoitetea haikuwa na wa kwake.

Naongeza jambo moja. Wakati mwingine kinachostahili makala ni tukio, wala si mahali. Moto uliowashwa kwa makusudi katika baa ya UpStairs Lounge, New Orleans, tarehe 24 Juni 1973, uliua watu 32, na makala ya Wikipedia inahusu shambulio lenyewe.

Mchangiaji wa pili

Kwangu ugumu mkubwa umekuwa magazeti. Kanuni za mashirika na biashara ni kali kuliko zile za jumla: hazitosheki na magazeti ya mji ule ule peke yake, bali zinadai angalau chanzo kimoja chenye wasomaji wa eneo pana zaidi. Sasa fikirini baa iliyofunguliwa wakati ambapo magazeti makubwa yaliwataja wateja wake pale tu walipokamatwa. Waliozifuatilia baa hizo kwa heshima walikuwa magazeti ya jamii yenyewe ya wapenzi wa jinsia moja, kama vile The Advocate, lililoanzishwa Los Angeles mwaka 1967, au Bay Area Reporter la San Francisco, lililoanza mwaka 1971. Katika mjadala mmoja mtu alidai magazeti ya aina hiyo si huru kwa kuwa yanaandika kuhusu watu wao. Nilipinga kwa nguvu zangu zote, na bado napinga: uhuru wa chanzo hupimwa kwa uhusiano wake na baa inayojadiliwa, yaani umiliki, malipo na matangazo, wala haupimwi kwa kuangalia wasomaji wake ni akina nani. Hata hivyo nilikubali kuondoa habari tatu zilizokuwa matangazo ya sherehe za mwisho wa juma, kwa sababu hizo zisingekubaliwa kwa baa yoyote ile.

Mchangiaji wa tatu

Nitasema kwa ufupi. Mjadala niliousimamia ulijaa watu waliotaka makala ifutwe kwa kuwa wanachukizwa na wateja wa baa, na wengine walioitaka ibaki kwa kuwa wanaipenda. Mijadala hii hukaa wazi siku saba na huamuliwa kwa uzito wa hoja, si kwa wingi wa watu. Niliyaweka kando maoni ya makundi yote mawili, na nikabaki na wahariri wanne waliokuwa wamesoma vyanzo.

Mchangiaji wa nne

Yangu iliniuma. Baa niliyoiandikia makala ilikuwa imefungwa, na nilijua waliokutana humo kwa mara ya kwanza na watu wanaofanana nao. Nilitafuta kwa wiki kadhaa: nilipata tahakiki moja nzuri, kutajwa kwa sentensi moja moja katika vitabu viwili, na anwani katika vitabu vya mwongozo wa wasafiri. Haikutosha, na kumbukumbu zangu mwenyewe haziruhusiwi kuwa chanzo. Nilipendekeza mwenyewe kwamba iunganishwe na makala ya mtaa ilipokuwa. Aya mbili zikahamia huko na jina la baa likaelekezwa kwenye aya hizo, kwa hiyo anayeitafuta bado anaifikia. Historia ya kurasa imehifadhiwa, nami nimeanza kuwasiliana na makavazi yanayokusanya masimulizi ya wateja wa zamani, kwa sababu mwanahistoria atakayekuja kuiandikia kitabu baa hiyo atahitaji mahali pa kuanzia.