Tupeane uzoefu: German Shepherd wako alikuwa na kilo ngapi akiwa na miezi minne?

Mleta mada, Goba
Wakuu, habari za jioni. Nina mbwa dume, German Shepherd, wiki iliyopita katimiza miezi minne. Jana nimempima: nimepanda mizani nimembeba, nikapanda tena peke yangu, nikatoa. Kilo 13 na nusu. Aliyeniuzia alisema baba yake ana 40. Jirani kamwangalia akasema "hapa umepigwa", tangu hapo sina raha. Sikio moja limesimama, jingine limelala. Anakula dona na dagaa mara tatu kwa siku. Mliowakuza hapa Dar, wenu walikuwaje? Na wanaacha kuongezeka lini?

Wa Tabata
Wangu miezi minne alikuwa 17. Sasa ana miaka miwili, 36. Tulia mkuu.

Mama wa Kimara
Umenikumbusha mbali. Wangu ni jike. Nilimfungulia daftari kama kadi ya kliniki ya mtoto, kila Jumapili asubuhi kabla hajala. Wiki ya kumi 8.1, ya kumi na moja 9, ya kumi na mbili 9.8. Ya kumi na tatu 9.7. Nikasema joto, ilikuwa Februari, na Februari ya Dar mnaijua. Ya kumi na nne 8.6. Anakunywa maji tu, kutwa kalala sakafuni jikoni. Shemeji akasema minyoo hiyo, mpe dawa. Usiku wa Jumatatu akakojoa barazani, nikamulika na simu: mkojo rangi ya chai ya rangi. Nikamfunua mdomo, fizi nyeupe kabisa. Nilikaa naye chini mpaka alfajiri nahesabu anavyohema.

Saa kumi na moja nikatoka kutafuta bajaji. Wa kwanza akakataa mbwa, wa pili akakataa, wa tatu akasema "tandika khanga, panda mama". Daktari wa mifugo akatazama fizi, akatoa damu, akasema homa ya kupe: kupe anaingiza vijidudu vinavyovunja chembe nyekundu za damu. Akatoa kupe watatu ndani ya sikio na mmoja katikati ya vidole. Na mimi namwogesha kila wiki! Siku ya nne ndiyo akala. Ilichukua wiki tatu kurudi 9.8. Leo ana mwaka na nusu, kilo 27. Bila zile namba mbili kushuka ningeendelea kulaumu joto mpaka nimzike.

Wa Ukonga
Pole sana dada. Kupe wa Dar ni janga.

Wa Mbezi
Tuseme ukweli, wengi mnauziwa machotara. Miezi minne sikio halijasimama, kilo 13? Umepigwa.

Wa Tabata
Acha kumtisha mwenzio. Umri huu ndio anabadilisha meno, masikio yanapanda na kushuka. Wangu yalisimama miezi mitano na nusu.

Wa Mbezi
Wako nimemwona wapi? Weka picha.

Wa Tabata
Njoo umbebe, ndiyo utajua ni chotara au siyo.

Mzee wa Kigamboni
Vijana msigombane. Mleta mada, dawa ni moja: maziwa asubuhi, mifupa mchana, vidonge vya kalsiamu jioni. Miezi miwili tu atakuwa ndama.

Wa Chanika
Shikamoo mzee, lakini hapo naomba nikukatalie kabisa. Hicho ndicho nilichofanya mimi.

Nilitaka mbwa mkubwa kuliko wote mtaani. Kila siku nafuata utumbo na vichwa vya kuku, ugali bakuli limejaa, na kalsiamu nampa kwa kukadiria. Nilikuwa nampima kwa jamaa wa vyuma chakavu, ndani ya kapu, watu wanajaa kuangalia. Miezi mitano kilo 28! Nikajisifu kila mahali. Mwezi uliofuata miguu ya mbele ikaanza kupinda, viganja vikatawanyika kama bata. Asubuhi moja namwita, anatingisha mkia, anajaribu kuinuka, anaanguka. Anajaribu tena. Ananitazama mimi. Niliingia ndani nikalia, mke wangu ndiye aliyembeba.

Daktari hakunigombeza. Alisema mbwa wa aina hii mifupa inajengeka polepole, inamaliza kukua karibu mwaka mmoja mpaka mwaka na nusu. Ukimrundikia kilo mapema, mwili unakuwa mzito kuliko mifupa inavyoweza kubeba. Na kalsiamu ikizidi, mtoto hana uwezo wa kuikataa kama mkubwa. Vidonge akavizuia siku hiyohiyo. Nikampunguzia chakula, na ngazi za nyumbani akakatazwa.

Wa Ukonga
Nimesoma mara mbili. Aliinuka?

Mama wa Kimara
Kaka tuambie, yuko wapi sasa?

Mzee wa Kigamboni
Marahaba mwanangu. Mimi wangu walikula hivyo na wakakua. Ila sikuwahi kuwapima, hilo nakubali.

Wa Tegeta
Mnamsahau mleta mada. Dume mkubwa anatakiwa kilo 30 mpaka 40, jike 22 mpaka 32. Hao ni mbwa wa kuchunga kondoo, Wajerumani waliwaundia chama mwaka 1899, wanataka mbwa wa kukimbia kutwa nzima, siyo wa kunenepeshwa. Mguse mbavu: uzihisi chini ya ngozi bila kuziona. Wengi wanafika nusu ya uzito wao miezi minne mpaka mitano, kwa hiyo wako kadogo kidogo tu. Dona na dagaa peke yake hakutoshi, ongeza nyama. Dagaa wenyewe wana mifupa, kalsiamu tayari ipo. Na chanjo umemaliza?

Mleta mada, Goba
Chanjo mbili, ya tatu bado. Ya minyoo nilimpa mara moja tu. Kesho nampeleka. Mbavu nazihisi, na kwa jicho naziona.

Wa Mbezi
Hapo sawa, mpeleke. Nilisema kwa haraka.

Mleta mada, Goba
Jumapili ya pili leo. Minyoo ilikuwepo, mingi. Kilo 14.9, nimeandika kwenye daftari. Sikio bado.

Wa Chanika
Samahani kwa kuchelewa. Aliinuka baada ya siku tisa. Ana miaka mitatu, kilo 33, amelala hapa mlangoni. Mguu wa kushoto wa mbele haukunyooka.