Kumpima binti yangu mimba hamkuniuliza, ila kumfundisha kuhusu mwili wake mnasema "wazazi hawataki"!

Wakuu, salaam. Tangu shule zifunguliwe nimejizuia kuandika, niliogopa nitaporomosha matusi. Leo nimeshindwa.

Binti yangu yuko Kidato cha Pili, shule ya kata, ya serikali. Wametoka likizo, siku ya pili tu wasichana wote wakatolewa darasani na kupangwa mstari nje ya ofisi ya walimu. Kila mmoja kikopo cha plastiki, jina limeandikwa kwa peni kwenye kipande cha plasta, nenda chooni urudi na mkojo. Wavulana wamejazana madirishani wanachungulia na kucheka. Aliyeshindwa kutoa mkojo alinyweshwa maji ya bomba akarudishwa foleni. Mwanangu alikuwa kwenye siku zake. Akamnong'oneza mwalimu wa zamu, akajibiwa kwa sauti mbele ya wenzake: "Wote mnasema hivyohivyo."

Mimi baba yake sikupigiwa simu wala sikusaini karatasi yoyote. Fomu ya kujiunga ninayo mpaka leo: rimu, ndoo, fagio, jembe. Kupimwa mimba hakumo. Na hao hao mchango wa mlinzi ukichelewa kidogo, meseji inaingia kabla sijapiga mswaki!

Nikaenda shuleni. Makamu mkuu akaniambia, "Mzee, huo ni utaratibu wa kawaida, tunawalinda." Nikamuuliza, kabla ya kuwalinda kwa vikopo mmewafundisha nini? Akasema mada ya uzazi kwenye Baiolojia inakuja Kidato cha Tatu. Yaani Kidato cha Pili anapimwa, Kidato cha Tatu ndiyo anaelezwa mimba inaingiaje! Nikamwambia basi leteni hata nesi azungumze nao. Akasema waliwahi kumleta, wazazi wakaja juu kwamba watoto wanafundishwa uhuni, wakaacha.

Hapo ndipo hasira yangu inapowageukia na nyie wazazi wenzangu. Kwenye grupu la darasa likitajwa neno elimu ya uzazi, kunawaka moto. Maadili, mila zetu, haki ya mzazi, mambo ya Wazungu. Niliposimulia ya vikopo, kimya. Mmoja akaandika, "Kama binti yako hana kitu unaogopa nini?" Ndugu yangu, haki yako ya mzazi inaamka mtoto akitaka kufundishwa, inalala akivuliwa utu?

Mimi ni mtu wa dini na sitaki mwanangu afundishwe ovyo ovyo. Niiteni, nionyesheni mnachotaka kufundisha, nami niseme langu. Lakini afundishwe. Utafiti wa afya wa taifa wa 2022 ulikuta wasichana 22 katika kila 100 wenye miaka 15 hadi 19 wameshapata ujauzito. Hao ni watoto wetu, wa msikitini na wa kanisani, waliolelewa kwa maadili haya haya tunayoyapigia kelele.

Halafu niambieni, sheria gani inaamuru binti apimwe mimba ili akae darasani? Mabadiliko ya Sheria ya Elimu ya 2016 yanamfunga miaka 30 anayempa mimba mwanafunzi, na yanamtaka mkuu wa shule atoe taarifa za mimba na ndoa za wanafunzi. Kutoa taarifa ni jambo moja, kumkamua mtoto mkojo hadharani ni jingine. Na kwenye ule mstari mwanaume hatafutwi, anatafutwa binti. Waraka wa Elimu Namba 2 wa 2021 uliruhusu waliojifungua warudi shule, kwa hiyo hata kile kisingizio cha kuwanasa ili wafukuzwe kimeisha. Mwaka 2022 Kamati ya Afrika ya Wataalamu wa Haki na Ustawi wa Mtoto, kwenye shauri lililopelekwa na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na wenzao, iliitaka Tanzania ikomeshe upimaji huu wa lazima na itoe elimu ya afya ya uzazi kwa vijana. Yote mawili, kwa pamoja! Shuleni kwetu hilo la kwanza linaendelea, la pili halijaanza.

Binti yangu sasa hataki kwenda shule. Anasema wavulana wamempachika jina, na kulitaja kwangu hataki. Mama yake ndiye anayemsindikiza mpaka getini.

Nimeandika barua kwa bodi ya shule, nakala kwa Afisa Elimu Sekondari wa wilaya. Naomba mwanasheria yeyote humu anisaidie: mtoto akifanyiwa kipimo bila ridhaa ya mzazi na bila yeye mwenyewe kukubali, naanzia wapi, ustawi wa jamii au moja kwa moja mahakamani? Na mzazi ambaye shule ya mwanawe iliwahi kumpa fomu ya ridhaa kabla ya upimaji, aipige picha aiweke hapa, niende nayo kwenye kikao cha bodi.