Visa ya siku 90 Ujerumani, nami nataka kukaa mwaka: nifanyeje?

BintiLikoni
Asalaam aleikum, na hamjambo nyote. Naomba ushauri ila msinicheke.

Nina miaka 24, naishi Likoni. Dadangu ameolewa Hamburg na juzi kajifungua mapacha. Mumewe anarudi kazini usiku, mama magoti hayamruhusu safari ndefu, kwa hiyo nyumbani wamekata shauri niende mimi nikasaidie kulea. Mpango ni niombe visa ya utalii, nikifika nikae mwaka hivi, mpaka watoto washike dede.

Shemeji anasema visa hiyo ni siku 90 basi. Lakini kuna mtu hapa mjini ana ofisi ya kupeleka watu nje, yeye ananiambia hiyo si shida: siku ya 89 napanda treni hadi Uswisi, nalala usiku mmoja, nikirudi Ujerumani siku zinaanza moja. Anataka elfu arubaini kwa mpango mzima. Nimeshampa elfu tano. Haya, sasa chekeni.

MzeeWaFeri
Hatukucheki mwanangu. Huo mpango naujua ulikotoka. Nimefanya kazi hoteli za Diani miaka mingi na wageni wetu walikuwa wakiucheza hapa hapa. Siku zikikaribia kwisha, huyo mpakani Lunga Lunga, anavuka Horohoro, anakunywa soda Tanga, anarudi na muhuri mpya. Afisa akiwa na moyo mzuri anagonga. Akiwa na hasira zake anauliza, "We mtalii au mwenyeji?" Kisheria mgeni hapa kwetu hupewa hadi siku 90, na akitaka zaidi anaomba aongezewe, jumla isivuke miezi sita.

Lakini Ulaya si Lunga Lunga. Ngoja walioko huko wakueleze.

MpwaniUghaibuni
Niko Bremen mwaka wa saba. Dada, huyo mtu amekudanganya mchana kweupe. Uswisi haiko kwenye Umoja wa Ulaya, kweli, lakini iko ndani ya Schengen, yaani zile nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao na visa yake ni moja. Ukitoka Hamburg ukaenda Zürich hujatoka popote, ni kama umetoka Likoni ukaenda Nyali. Nchi za Schengen sasa ni 29, na siku zako zinahesabiwa kwa zote pamoja.

Hata ukitoka nje ya Schengen kabisa, tuseme uende Uingereza (na huko Mkenya anataka visa nyingine), siku hazianzi upya. Sheria ni siku 90 ndani ya KILA kipindi cha siku 180. Kila siku uliyoko ndani, wanatazama nyuma siku 180 na kuhesabu ngapi umeshakaa. Siku ya kuingia inahesabiwa, ya kutoka pia.

Mfano: ukiingia tarehe 1 Machi ukakaa mfululizo, siku ya 90 ni 29 Mei. Lazima uwe umetoka. Kurudi ni kuanzia 28 Agosti, na hapo uwe na visa inayoruhusu kuingia tena. Anayeomba mara ya kwanza mara nyingi hupewa ya kuingia mara moja tu.

Shangazi_Tudor
Na usisahau kusoma stika yenyewe! Mwanangu alipewa visa yenye tarehe za miezi miwili, akadhani anakaa miezi miwili. Kumbe kuna mstari mwingine unaosema siku anazoruhusiwa, zilikuwa 21. Tarehe za visa ni dirisha la kuingia na kutoka. Siku za kukaa ni hesabu nyingine.

KijanaMtwapa
Jamani mnamtisha bure. Watu kibao wamepitiliza na wako huko wanakula bata. Halafu si Kenya na Ujerumani walisaini mkataba wa kazi 2024? Aende tu, akifika abadilishe.

MpwaniUghaibuni
@KijanaMtwapa mkataba wa Septemba 2024 ni wa watu wenye ujuzi wanaoomba visa ya kazi wakiwa Kenya. Haugeuzi visa ya utalii kuwa kitu kingine. Anayetaka kukaa zaidi ya siku 90 anaomba visa ya kitaifa, ile ya D, kabla ya kuondoka nyumbani. Visa ya Schengen huongezwa kwa dharura kweli, kama kulazwa hospitali. Mapacha kulia usiku si dharura ya ubalozi.

Na habari ya kupitiliza: tangu Oktoba 2025 mpakani wameanza mfumo wa kompyuta unaochukua alama za vidole na picha ya uso badala ya kugonga muhuri. Mashine haisahau hesabu. Unaweza kufungiwa usiingie Schengen yote kwa miaka. Ubatizo wa mapacha, sijui harusi ya nani, utaona kwenye simu.

Ex_Dubai
Mimi nilipitiliza Dubai. Kule ni dirhamu 50 kwa kila siku, na nilijua siku nilipotaka kurudi kumzika babu. Nililipa kwa mkopo wa marafiki watatu. Sina zaidi.

BintiLikoni
Babu mmoja wa kwenye matatu kaniambia kuna visa ya au pair, ya kulea watoto mwaka mzima. Si ndiyo yangu hiyo?

MpwaniUghaibuni
Ipo na umri wako unafaa, uombe kabla hujafika 27. Inataka Kijerumani cha kiwango cha A1, ngazi ya kwanza kabisa. Lakini familia inayokupokea isiwe ya ndugu zako, kwa hiyo kwa dadako haiwezekani. Na wewe kwao ni ndugu tu, si mke wa mtu huko wala mzazi wa mtoto mdogo aliyeko huko, kwa hiyo visa ya kuungana na familia nayo karibu isahau.

Njia nyoofu: omba Schengen ya kutembelea familia, sema ukweli wote. Dadako au mumewe aende ofisi ya wageni ya huko atie saini karatasi ya udhamini, inaitwa Verpflichtungserklärung, ni yuro 29. Bima ya safari iwe ya yuro 30,000 kwenda juu. Ada ya visa yuro 90. Unaruhusiwa kuomba miezi sita kabla ya safari, usingoje wiki mbili za mwisho. Onyesha pia kitu kinachokurudisha Mombasa, kazi au chuo.

Halafu gawaneni: wewe siku 85, ukirudi aende mwingine.

Shangazi_Tudor
Kumshikia dadako watoto ni ujamaa, hakuna shida. Ila asikulipe mshahara, hiyo itakuwa kazi, na visa ya utalii haina kazi.

MzeeWaFeri
Alama za vidole za kuombea visa utatoa Nairobi. Treni ya Madaraka daraja la pili ni 1,500, usipande basi la usiku ukafika umechoka.

BintiLikoni
Ahsanteni wallahi. Nimemwambia ajenti anirudishie elfu tano, sasa simu yake iko mteja. Dada kakubali miezi mitatu, na binti ya mama mkubwa atanipokea zamu. Swali la mwisho: mama anataka nibebe samli, achari ya embe na nazi tano.

MpwaniUghaibuni
Samli itaishia kwenye pipa la forodha, vitu vya maziwa na nyama haviingii. Achari ya kiwandani, iliyofungwa vizuri, sawa. Nazi ruhusa. Moja iache Bremen.