Msalaba wa Kusini kwenye bendera: vipimo, idadi ya nyota, na mbona wa Brazil umegeuka?

sindano_na_uzi: Wakuu, bendera ya Australia ya sm 90 kwa 180 inatakiwa kushonwa. Nyota za Msalaba wa Kusini (lile kundinyota la anga ya kusini) zinapangwaje? Halafu mbona New Zealand wana nne tu, na kwenye ya Brazil kile kinyota kidogo kiko kushoto wakati Australia kiko kulia?

kaskazi: Mkuu, hesabu zote zinatoka kwenye kimo (90), si urefu. Piga mstari wima sm 135 kutoka upande wa mlingoti. Nyota za Msalaba zinaitwa kwa herufi za Kigiriki, na kile kinyota kidogo ndicho Epsiloni. Kwenye mstari huo weka Gamma, kitovu chake sm 15 chini ya ukingo wa juu, na Alfa sm 15 juu ya ukingo wa chini. Sasa pima kutoka katikati ya mstari huo: Beta kushoto sm 22.5 na juu 5.6, Delta kulia 20 na juu 11.6, Epsiloni kulia 9 na chini 3.75. Nyota nne kubwa zina upana wa sm 12.9 na pembe saba. Epsiloni sm 7.5, pembe tano. Ile ya shirikisho chini ya bendera ya Uingereza ni sm 27, pembe saba: sita za majimbo, ya saba, iliyoongezwa 1908, ya maeneo mengine ya nchi.

Wengi hukosea kwa kuweka Beta na Delta usawa mmoja. Delta iko juu zaidi. Ukizisawazisha umeshona msalaba wa kanisani, si wa angani.

mpiga_ramani: New Zealand wameiacha Epsiloni, na nyota zao ni nyekundu zenye ukingo mweupe, pembe tano. Samoa nao walianza na nne mwaka 1948, ya tano wakaiongeza 1949. Papua Guinea Mpya (1971) wana tano nyeupe kwenye weusi.

Brazil si kosa. Duara la katikati ya bendera yao ni anga ya Rio de Janeiro, saa 2:30 asubuhi ya tarehe 15 Novemba 1889, likichorwa kana kwamba mtazamaji yuko nje ya mbingu, kwa hiyo kulia kumekuwa kushoto. (Saa hiyo jua limeshachomoza, lakini ndivyo sheria inavyosema.) Kila nyota ya Msalaba ni jimbo: Alfa ni São Paulo, Beta Rio de Janeiro, Gamma Bahia, Delta Minas Gerais, na Epsiloni Espírito Santo.

sindano_na_uzi: Kwa hiyo nikiigeuza ya Australia nione upande wa nyuma, Epsiloni itaonekana kushoto?

kaskazi: Ndiyo, na ni sawa, mradi Uingereza ibaki upande wa mlingoti. Ukitaka kuhakikisha, katikati ya Mei, saa tatu usiku, ukiwa Dar tazama kusini: Msalaba umesimama wima, Epsiloni chini kulia, na nyota mbili kali za Kantarusi (kundinyota jirani) kushoto kwake. Ukiona msalaba mkubwa uliofifia, bila zile mbili pembeni, huo ni wa uongo, usipime nao.