Makadamia za kula zinauzwa Goma kama mbegu, miezi 4 nimemwagilia mawe

Wandugu, nina hasira na sitaificha.

Nilinunua kokwa 40 za makadamia, zile njugu za mtini zenye ganda gumu, kwa papa mmoja, yaani mzee, anayeuza miche na mbegu kando ya barabara hapa Goma. Franga 500 kila moja. Nilimuuliza mara mbili kama ni za kupanda. Akaapa kwa Mungu kwamba ni mbichi, zimetoka mtini wiki ile ile, na kwamba baada ya miaka 3 watoto wangu watakula.

Mnajua parsele (viwanja) zetu za Birere, mtaa wa hapa Goma. Chini ni lava ya volkano Nyiragongo ya 2002, jembe haliingii. Udongo wa kujaza sasheti, vile vifuko vya kuoteshea, niliununua kwa mifuko. Nililoweka kokwa 34, sita nikaziweka akiba. Nyingi zilielea, wakati mbegu nzuri huzama. Nikamrudia kumuuliza, akasema hiyo ni kawaida. Nikapanda. Maji yenyewe nanunua kwa bido (dumu), na kila asubuhi kabla ya kwenda sokoni nilimwagilia. Mwezi wa kwanza sikuwa na wasiwasi, makadamia huchelewa, hata wiki 8 zinaweza kupita. Wa pili ukapita, wa tatu, wa nne. Hakuna hata jani moja!

Jumamosi nikafukua. Nikaweka kokwa moja juu ya jiwe la lava nikaipiga nyundo, ikaruka, nikaipiga tena. Ndani kuna uji wa kahawia unaonuka. Nikachukua zile sita za akiba, nikazitikisa karibu na sikio: chaka-chaka. Zote sita. Kokwa mbichi hailii hivyo, kiini chake kimejaa ganda. Ikilia ujue imekauka na kiini kimesinyaa. Hizi za kula hukaushwa kwa joto makusudi, ili kiini kiachane na ganda. Mbegu iliyopitishwa kwenye joto hilo imekufa, hata uimwagilie mwaka mzima.

Nikarudi kwake. Alinijibu nini? "Mama, mkono wako hauoteshi." Mbele ya watu!

Na ile miaka 3 ni uongo mwingine. Mti wa mbegu huzaa baada ya miaka 7 hivi, hata 10. Unaowahi ni wa kubebesha, yaani mche uliounganishwa na kikonyo cha mti mwingine, ule tunaouita grefe, na hujulikana kwa kovu la kiungo kwenye shina. Papa huyu anauza na hiyo "grefe", kwa bei kubwa. Siku ile nilipapasa mche wake mmoja mmoja kuanzia chini. Shina laini, kovu hakuna. Kwa hiyo kuna mama mwingine atakayesubiri miaka 3 bure.

Mwenye mti unaozaa, Goma au Bukavu, naomba kokwa zilizoanguka zenyewe, bado zimo ndani ya ganda la kijani. Nitalipa. Na wewe papa kama unasoma hapa, franga zangu 20,000 bado nazidai.